Hivi hiyo sayari ya gesi mbona haijaisha kwa joto?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nimesoma kuhusu sayari inaitwa GJ 436 b, wanasema inafanana na Neptuni ila imeisogelea sana nyota yake na gesi yake inavuja muda wote. Nina maswali mawili. Kama hakuna aliyewahi kuiona, wamejuaje inafanana na Neptuni? Na kama inavuja hivyo, mbona bado ipo?

JIBU: Ndugu msomaji, ahsante sana, na nikwambie tu hii ni moja ya sayari ninazozipenda kuliko zote kwahiyo nivumilie nikirefusha.

Nyota yake ni kibete nyekundu, ndogo kuliko Jua na haina joto kama la Jua, ipo umbali wa miaka ya nuru 32 hivi, na kwa mambo ya nyota huyo ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Sasa Neptuni yetu iko kilomita bilioni 4.5 toka kwenye Jua, kulizunguka mara moja ni miaka 165. Hii nyingine iko kilomita milioni 4 na kidogo tu toka kwa nyota yake na mzunguko mzima inaumaliza ndani ya siku 2 na masaa 15, yaani ukianza kuhesabu Jumatatu alfajiri, Jumatano usiku mwaka wake umeshaisha.

Haya, wamejuaje. Ni kweli hakuna picha yake, kinachoonekana ni nyota tu, ila nyota yenyewe inaisema sayari. Sayari ikizunguka inaivuta nyota, nyota nayo inayumba, mara inakuja upande wetu mara inarudi nyuma, kwa spidi ya mita 17 au 18 kwa sekunde, ambayo ni spidi ya gari la kawaida barabarani! Fikiria jitu zima kama nyota linatikiswa kwa spidi ya gari na watu wakainasa kwenye mwanga wake kutoka huku. Ndivyo ilivyogunduliwa mwaka 2004, na mtikisiko huo ndio unaotoa uzito, kama mara 22 ya Dunia. Halafu mwaka 2007 ikakutwa inakatiza mbele ya nyota yake, mwanga ukapungua kama asilimia 0.7 kwa muda wa saa moja hivi kisha ukarudi. Ukijua mwanga umepungua kiasi gani unajua kivuli kina upana gani, na upana ukatoka kama mara 4 ya Dunia.

Hapo sasa una uzito na una upana, na hivyo viwili vikikaa pamoja havidanganyi. Chukua magunia mawili yaliyolingana, moja la pamba moja la mchanga, huna haja ya kuyafungua, unanyanyua tu unajua. Ingekuwa mwamba mtupu kwa upana ule ingekuwa nzito zaidi ya hapo, ingekuwa gesi tupu ingekuwa nyepesi mno. Neptuni ina uzito wa Dunia 17 na upana unaokaribia mara 4. Umeona zinavyokaribiana.

Swali la pili ndo tamu. Mwaka 2015 watafiti walitoa majibu ya darubini ya Hubble walipoitazama nyota hiyo kwa mwanga wa urujuanimno, ule macho yetu hayauoni. Kwa mwanga wa kawaida sayari inaziba hiyo asilimia 0.7, lakini kwenye ile rangi moja ya urujuanimno inayomezwa na hidrojeni nyota ilizibwa zaidi ya nusu, asilimia 56! Na giza lilianza kama masaa mawili kabla sayari haijafika, likaendelea zaidi ya masaa matatu baada ya sayari kupita. Maana yake ni wingu kubwa la hidrojeni limeizunguka na jingine linaburutwa nyuma kama mkia wa nyotamkia, na ukubwa wake unaizidi hata nyota yenyewe.

Sasa mbona haijaisha? Kwasababu wingu ni kubwa lakini ni jepesi ajabu. Inachopoteza kinakadiriwa kuwa tani 100 hadi 1,000 kwa sekunde, ukisikia hivyo unaona ni balaa ila kwa kitu chenye uzito wa Dunia 22 ni kama kuchota bahari kwa kijiko, nyota itazeeka mpaka ifike mwisho wake na sayari bado ina gesi. Zamani nyota ilipokuwa changa, sayari ilivuja zaidi sana.

Tangu 2023 ina jina rasmi pia, Awohali, ni tai kwa lugha ya Wacherokee, mi naona limeikaa vizuri kuliko namba.

Na ukitaka kuangalia upande iliko, mwezi wa nne au wa tano jioni tafuta kundinyota la Simba, kwenye mkia wake kuna nyota inang'aa inaitwa Denebola. Nyoosha mkono, kunja ngumi, toka hapo panda kaskazini ngumi moja na kidogo. Kwa macho matupu hutaona kitu, hata nyota yake inahitaji darubini, ila ni pale pale.