Mwanza nendeni, lakini watoto wasiingie ziwani

Dada yangu, nimesoma ulichoandika nikakwama pale uliposema wanao wamezoea kuoga baharini Shangani, hapa Mtwara, kila Jumapili, kwa hiyo mkifika Mwanza Desemba utawatafutia ufukwe mzuri wacheze majini kutwa nzima. Hilo lifute kabla hujakata tiketi. Umeuliza na mengine, vivutio, chakula, kwenda Ukerewe. Nitayagusa, lakini hili kwanza.

Ziwa Victoria lina kichocho. Kiko kandokando ya ziwa, hasa penye maji yaliyotulia, majani na mawe, yaani palepale mgeni anapopaona panafaa kuogelea. Sisi watu wa pwani bahari imetudekeza. Konokono wanaobeba kichocho hawaishi kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo mtoto wa Mikindani au wa Msimbati anakua akijirusha majini bila kuuliza kitu. Ukimpeleka ziwani anaona maji, anavua shati.

Mimi nilikwenda mwezi wa sita, kuangalia ngoma za Bulabo, sikukuu ya Wasukuma, kule Bujora. Kesho yake jamaa aliyekuwa akitutembeza akatupeleka ufukweni, nje kidogo ya mji. Nilimuuliza kabisa, tena mbele ya wenzangu: hapa hakuna kichocho? Akaapa. Akasema kichocho kiko kwenye majaruba ya mpunga, ziwa lina mawimbi na mawimbi yanasafisha. Akaongeza kwamba yeye ameoga pale tangu utoto na mzima. Huyu ni mtu anayelipwa kwa kupeleka wageni ufukweni, na mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka, kwa sababu anaendelea kuwaambia wengine maneno yaleyale, na miongoni mwao wapo wanaokwenda na watoto.

Nilipokuwa nimekaa kwenye maji ya magotini niligeuza jiwe. Chini yake kulikuwa na konokono wadogo bapa, wa rangi ya kahawia, kama vifungo vya shati. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hao ndio wenye shughuli. Jioni miguu ikaanza kuwasha, vipele vidogo kuanzia kwenye kifundo hadi gotini. Mwenyeji wetu akasema ni mbu.

Wiki kadhaa baadaye niko nyumbani, homa ikaanza. Inapanda jioni, inashuka asubuhi. Kikohozi kikavu, tumbo linasokota, mwili umechoka hata ndoo ya maji huinui. Na huo ndio wakati mikorosho inatoa maua! Anayelima korosho anajua, usipopuliza salfa kwa wakati, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, unakula maua na hakuna cha kurudisha. Nilikuwa nimelala kitandani nawasikia majirani wanawasha mashine za kupulizia, shamba langu limekaa. Kilichopotea msimu ule kingelipa safari ya familia nzima kwenda Mwanza na kurudi, na chenji ingebaki.

Zahanati niliyokwenda wakapima malaria, hakuna. Wakanipa dawa za taifodi. Nikarudi, nikawaambia nilioga Ziwa Victoria. Mhudumu akaniuliza, unakojoa damu? Nikasema hapana. Akasema basi si kichocho. Wakapima mkojo, mkojo safi, nikarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu.

Hapa nisikilize vizuri, maana ndipo watu wa huku kusini tunapopotezwa. Kichocho tulichokizoea Mtwara na Lindi ni cha kibofu, kile cha kukojoa damu. Kinachotawala kule Ziwa Victoria ni cha matumbo. Minyoo yake inakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai yanatoka na choo kikubwa, mengine yanakwama kwenye ini. Ukikiacha miaka, ini linakakamaa, tumbo linajaa maji, mtu anaweza kutapika damu. Kwa hiyo unaweza kupima mkojo mwaka mzima na usikione. Kinachopimwa ni choo. Kwangu kilionekana pale daktari wa hospitali nyingine aliponiuliza nilisafiri wapi, akaagiza kipimo cha choo, mayai yakaonekana kwenye hadubini. Nikapewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa kupimwa uzito, na baadaye nikarudia dozi.

Wapo watakaokuja hapa chini kukwambia ukiwafuta watoto kwa taulo haraka hawapati. Usikubali. Mtu mwenye ugonjwa akijisaidia ziwani au karibu na maji, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinazaliana humo, kisha vinatoka maelfu kwa maelfu na kuogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Vikikupata, dakika chache vinatosha kupenya. Taulo, sabuni, kujipaka mafuta, hakuna hata kimoja unachoweza kukitegemea. Na jua kali la mchana, saa ambayo watoto wanataka kuingia, ndiyo saa vinapotoka kwa wingi.

Watakwambia pia mbona wenyeji wanaoga. Wanaoga, na wengi wanaumwa, ndiyo maana watoto wa shule kule wanagawiwa dawa za kichocho. Mwenyeji aliyeanza kuambukizwa utotoni mara nyingi hapati ile homa ya mwanzo kama anavyoipata mgeni. Kwa hiyo "mimi mzima" ya mwenyeji haikusaidii kitu. Angalia pia mnapofikia: kama maji ya kuogea yanavutwa moja kwa moja kutoka ziwani bila kusafishwa, yachemshwe, au yawe yamekaa kwenye tangi siku 2 kabla ya kutumika. Watoto wakilia wanataka kuogelea, tafuta hoteli yenye bwawa lenye dawa, lipia waingie.

Na msiache kwenda, maana Mwanza ni mji wa kuuona. Yale mawe makubwa yaliyopandana juu ya vilima na nyumba zikining'inia katikati yake, huku kwetu hakuna kitu cha namna hiyo. Jiwe la Bismarck liko karibu na kivuko cha Kamanga, nendeni jua linapozama. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, kama kilomita 2 za mraba tu, na boti mnapandia palepale mjini, Capri Point. Kuna swala pala na pimbi, na miamba ya kupanda ambayo watoto wataipenda. Boti ni sawa, maboya wavae. Ila kushuka wapitishwe gatini, wasiruke kwenye maji ya ukingoni.

Bujora iko Kisesa, njia ya kwenda Musoma. Desemba Bulabo hamtaikuta, ile huwa karibu na sikukuu ya Ekaristi mwezi wa sita, makundi mawili ya wachezaji, wagika na wagalu, yanaposhindana kuvuta watazamaji na kuna wanaocheza na chatu shingoni. Mtu uliyekulia kwenye ngoma ya sindimba utakaa hapo mpaka giza. Hata bila ngoma, makumbusho ya Wasukuma yako wazi, kuna ngoma za machifu na vitu vya kifalme, na watoto watajifunza.

Chakula ni sato, wa kukaanga au wa mchuzi. Dagaa nunueni mwalo wa Kirumba. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025, mkipata nafasi livukeni. Ukerewe mnapanda meli mpaka Nansio, ni safari ya saa chache na nzuri sana, lakini kule kila mtaa unaishia majini, na watoto wenzao watawaita waje waoge. Shikeni mikono yao.

Na ikitokea mmoja ameponyoka akaingia, hata kwa muda mfupi, usimpe dawa siku hiyohiyo ukadhani umemaliza, kwa sababu prazikwanteli haiui minyoo michanga. Subiri wiki 6 hadi 8, mpeleke akapimwe choo na mkojo. Homa ikimshika kabla ya hapo usisubiri, mpeleke haraka. Malaria wapime, lakini mtajie daktari Ziwa Victoria mapema, na akikuuliza kama mtoto anakojoa damu, mjibu, kisha udai choo kipimwe.