Skripti Inaandika "IKO HAI", Programu Imekufa Zamani

Wiki hii kijana mmoja ameniandikia: "Kaka, skripti yangu inasema programu iko hewani, lakini wateja wanapiga simu kulalamika. Nifanyeje?" Akaambatanisha mstari ninaoujua hata usingizini:

ps aux | grep malipo

ps aux huorodhesha michakato, yaani programu zinazoendeshwa, na grep huchuja mistari yenye neno "malipo", jina la programu. Tatizo liko wazi. grep nayo ni mchakato, na ndani ya amri yake limo neno "malipo". Inajikuta yenyewe kwenye orodha, inaripoti kwamba imepata. Ni mlinzi aliyemulika kivuli chake akaandika kitabuni: kuna mtu ndani.

Mahali nilipowahi kufanya kazi, mstari huohuo ndio uliolinda programu ya kutuma risiti kwa SMS. Niliukuta. Nilimwandikia mkubwa wangu barua pepe, akanijibu, "Mdogo wangu, kinachofanya kazi usikiguse." Ukafika usiku wa mwisho wa mwezi, programu ikafa, na logi ikaendelea kujaa "IKO HAI", "IKO HAI", mpaka asubuhi. Kwenye kikao aliyesimamishwa ajieleze ni nani? Mimi. Barua pepe yangu hakuna aliyeikumbuka. Waliponiomba niirekebishe skripti, nilimaliza kabla ya chakula cha mchana, na asante sikuisikia. Haya, tuyaache.

Nilichoweka ni hiki:

pgrep -x malipo > /dev/null || echo "IMEKUFA"

pgrep hutafuta mchakato kwa jina; isipoupata, inaandikwa "IMEKUFA". Hiyo -x inataka jina lilingane lote. Wengi hukimbilia -f, inayosoma mstari mzima wa amri. Skripti yako ikiitwa angalia-malipo.sh, imejihesabu tena! Na kwenye Linux, bila -f, pgrep huona herufi 15 za mwanzo tu za jina. Ukitafuta mtuma-risiti-za-malipo utaambiwa haipo, nayo ipo.

Kama skripti yako ndiyo iliyoianzisha programu, hifadhi namba yake ya mchakato (PID) papo hapo, pid=$!, kisha uliza kwa kill -0 "$pid". Jina linatisha, lakini haiui kitu: haitumi ishara yoyote (ujumbe wa kuuamuru mchakato), inaangalia tu kama mchakato upo na kama una ruhusa ya kuutumia ishara. Jibu likiwa 0, upo. Ila ukiihifadhi kwenye faili, seva ikiwashwa upya namba hiyo yaweza kuwa ya programu nyingine kabisa.

Vijana, acheni kunakili amri msizozielewa. Jaribuni skripti kwa kuiua programu kwa makusudi, mchana, mkiwa macho, muone itasema nini. Msisubiri kikao.

Na wewe uliyeniandikia, kama kill -0 inakujibu 0 na bado wateja wanalalamika, endesha ps -o stat= -p "$pid". Ukiona Z, huo mchakato umeshakufa, unasubiri mzazi wake, yaani mchakato uliouanzisha, achukue taarifa. Hata kill -9, ya kuua kwa nguvu, haitausaidia, mtafute mzazi.