Conan wa 1982 na wa 2011: shujaa wa magazeti ya bei chee akipelekwa kwenye filamu

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini Conan the Barbarian ya 1982 inaheshimiwa mpaka leo wakati ile ya 2011 ilipita kimyakimya. Pili, wewe na wenzako mmepewa ruhusa na mwandishi wa ile simulizi ya mfululizo ya shujaa wa upanga, je, mfuate kila tukio kama lilivyochapishwa? Nitayajibu kwa pamoja, maana naona ni swali lilelile.

Picha ya 1982 naijua kwa mlango wa uani. Miaka ya tisini nilikuwa mtafsiri kwenye kibanda cha video Mwanza: unakaa pembeni ya deki na maiki, sauti ya mkanda inashushwa, unawaeleza watu kwa Kiswahili nani anasema nini. Kazi ile inakufundisha picha kwa namna yake, maana unajua dakika ipi watu wanatoka nje kuvuta sigara na dakika ipi hata muuza karanga anasimama mlangoni kuangalia. Hadithi zenyewe za Robert E. Howard, mtunzi wa Conan, nilizisoma baadaye sana, intaneti ilipofika, kwa hiyo nilimjua Conan wa kwenye kioo kabla ya yule wa kwenye karatasi. Nilipoanza kusoma nilishangaa, kwa sababu walikuwa watu wawili tofauti kabisa.

Howard alikuwa kijana wa Cross Plains, mji mdogo huko Texas, akiandikia Weird Tales, gazeti la hadithi za bei chee lililolipa kwa idadi ya maneno. Conan alitokea mara ya kwanza toleo la Desemba 1932, na hadithi yenyewe haikuwa mpya. Ilikuwa ya mfalme mwingine wa kubuni aliyeitwa Kull, ikakataliwa. Howard akabadili jina, akachomoa mambo ya mapenzi, akaingiza uchawi na zimwi, wakainunua. Yaani aliyeanza kumrekebisha Conan ili auzike ni Howard mwenyewe, kwa hiyo wanaopiga kelele kwamba filamu imechakachua hadithi nawaomba wapunguze munkari. Alijiua Juni 1936 akiwa na miaka 30, gazeti likiwa bado halijamlipa fedha zake zote.

Kwenye hadithi hiyo ya kwanza Conan tayari ni mtu mzima, mfalme wa Aquilonia, amechoshwa na makaratasi ya ikulu. Baada ya hapo Howard anaruka ovyo. Toleo hili Conan ni kijana mwizi anayepanda mnara usiku, toleo lile ni haramia, lingine ni askari wa kukodiwa. Msomaji wa mwanzo kabisa alishajua kwamba huyu jamaa atafika uzeeni na taji kichwani. Sisi wa vibandani tuna usemi wetu, steringi (yaani shujaa wa picha) hafi, ila kwa kawaida picha inajitahidi kukusahaulisha. Howard hakujisumbua. Hofu yake aliiweka kwingine: kuna nini juu ya mnara? Ni kitu gani kimelala chini ya mji uliokufa? Conan mwenyewe habadiliki. Anaingia, anaona mambo ambayo binadamu hakupaswa kuyaona, anatoka na upanga wenye damu, mwezi ujao yuko nchi nyingine.

Mwandishi wa filamu anapogonga mwamba ni hapo. Shujaa wa mfululizo hana jeraha la utotoni, hana lengo la maisha, hana safari ya kujitambua. Gazetini hilo ni faida, maana unaweza kumtuma popote. Kwenye filamu ya saa mbili, mtu aliyelipa kiingilio ataanza kujiuliza huyu anatafuta nini hasa.

John Milius, mwongozaji wa 1982, alirithi mswada wa Oliver Stone uliomweka Conan kwenye dunia ya baadaye iliyoharibika, yenye majeshi ya viumbe vya ajabu. Kuupiga picha kungekula fedha zisizo na mwisho. Milius akauandika upya, akairudisha enzi ya kale, wakaenda kupiga Hispania kwa bajeti ya karibu dola milioni 20. Na jibu lake kwa lile tatizo la jeraha lilikuwa kisasi: kijiji cha Conan kinachomwa, wazazi wanauawa, mtoto anauzwa utumwani na kufungwa kwenye gurudumu kubwa alisukume. Kwa Howard hakuna kitu kama hicho. Conan wa Howard aliondoka kwao kwa miguu yake, kwa tamaa ya kuona dunia, na hakuwahi kufungwa kwenye gurudumu lolote. Anaongea sana, anacheka, anajua lugha nyingi, anafikiri haraka kuliko anavyopiga. Wa Arnold Schwarzenegger, steringi wa 1982, mpaka aseme neno la kwanza umeshakaa muda mrefu kwenye benchi.

Mwenzenu ilinitesa hiyo. Mtafsiri anaishi kwa maneno, na picha ile nusu saa ya kwanza haina maneno mengi ya kutafsiri. Chukua kifo cha mama. Theluji imetanda, kijiji kinaungua, mama amesimama na upanga mkono mmoja, mkono mwingine amemshika mwanawe. Thulsa Doom, adui mkuu wa picha, anavua kofia ya chuma, anamtazama usoni kwa muda mrefu, upanga wa mama unashuka wenyewe. Doom anageuka kama anayeondoka, kisha anazunguka na kukata. Kamera haituonyeshi shingo. Inabaki kwa mtoto, na unaona kiganja cha mama kinateleza taratibu kutoka kwenye kiganja chake, mtoto anautazama mkono wake uliobaki mtupu. Halafu gurudumu: watoto wengi wanasukuma wakiwa wamefungwa minyororo, misimu inapita, wanapungua, mwishowe anabaki mmoja, misuli ya miguu imejaa, anainua uso, ni Arnold, na kibanda kizima kinapiga kelele "Komando!" Siku nilizojaza maneno pale watu walicheka. Siku nilizonyamaza na kupandisha muziki wa Basil Poledouris, karanga zilisahaulika mkononi.

Milius aliijua timu yake. Steringi wake alikuwa mtunisha misuli, Sandahl Bergman alikuwa mcheza dansi, Gerry Lopez alikuwa mtu wa kuteleza kwenye mawimbi, Ben Davidson mchezaji wa mpira wa Marekani. Hata sauti ya Lopez kwenye picha si yake, aliingiziwa na mwigizaji mwingine, kwa hiyo mimi na huyo mtu tulikuwa kazi moja. Maneno mazito akawapa wanaoyaweza: James Earl Jones aliyemwigiza Thulsa Doom, Max von Sydow, na Mako anayesimulia. Waliobaki akawaachia miili yao izungumze. Nyinyi mnaotaka kumchukua bondia au mwanamieleka wa mtaani kwa sababu ana kifua, mpeni kazi ya kubeba, kupanda, kupigana na kutazama. Msimwandikie hotuba.

Sasa angalia Milius alivyookota kutoka kwa Howard. Matukio mazima hakuchukua, alikwapua vipande. Conan kusulubiwa mtini na kumng'ata tai shingo kumetoka kwenye hadithi moja ya 1934. Mpenzi anayeapa kurudi kutoka kuzimu kumwokoa ametoka kwenye nyingine ya mwaka huohuo, ila kule anaitwa Bêlit. Jina la Valeria, mpenzi huyo wa kwenye filamu, limetoka hadithi tofauti kabisa. Thulsa Doom hata si adui wa Conan, ni wa yule Kull. Fumbo la chuma, lile la baba kumwambia mwanawe asimwamini mtu wala mnyama ila upanga, Milius alilitunga. Halafu Doom anakuja kulipindua mbele ya macho yetu: anamwita msichana aliye juu ya jabali, msichana anajirusha na kufa, Doom anasema nguvu ni hiyo, chuma ni nini mbele ya nyama inayokutii? Vipande vyote vimefungwa na swali hilo moja, na kisasi kimekaa juu yake tu. Ndiyo maana Doom anapokufa hakuna aliyeshangilia kibandani, mtazamaji anabaki na mawazo.

Na mbinu ya Howard ya steringi hafi ipo palepale. Sentensi za kwanza kabisa za msimulizi zinakuambia huyu atavaa taji la Aquilonia, na picha ya mwisho inamwonyesha mzee kwenye kiti cha enzi. Kwa hiyo hofu imehamia kwa walio karibu naye. Yeye hafi, Valeria anakufa.

Kuna sala pia. Crom wa Howard ni mungu anayekaa mlimani, hajali shida zako, anakupa nguvu siku ya kuzaliwa, basi, jitegemee. Filamu imemfanya Conan, kabla ya pambano kubwa, amwombe Crom na kumalizia kwamba asiposikiliza basi na apotelee mbali. Sala yenyewe ni mpya, roho ni ya Howard asilimia mia. Pale nilitafsiri kwa sauti ya chini, maana mzee mmoja wa benchi la mbele alikuwa akianza astaghfirullah zake.

Ile ya 2011 sitaki kuikalia sana. Jason Momoa kwa sura na mwendo yuko karibu na Conan wa vitabu kuliko Arnold, na picha inaanza na Conan kuzaliwa vitani, jambo ambalo Howard kweli aliliandika. Kisasi kipo, upanga wa baba upo. Lakini kiini cha mambo ni vipande vya barakoa ya mifupa ambavyo adui anavikusanya, na ukiuliza Conan anahusikaje na barakoa hiyo, jibu ni kwamba alikuwepo. Walitumia karibu dola milioni 90, hazikurudi sinemani. Ile ya pili ya Arnold, ya 1984, walipunguza damu ili watoto waruhusiwe kuingia, ikawa matembezi ya kundi la marafiki. Grace Jones anaibeba kidogo.

Jambo moja ambalo wazungu wanaoandika kuhusu Conan hulipitia juujuu: Howard alikuwa mtu wa Texas ya miaka ya thelathini, na kuna kurasa anavyowaeleza watu weusi zinakera kusoma. Hadithi ya Bêlit imepita pwani ya nchi aliyoiita Kush, na mabaharia weusi wa meli ile ni kama vyombo vya nahodha. Mwenye kuandika filamu leo hapaswi kuyabeba hayo kwa kisingizio cha uaminifu kwa mwandishi. Milius hayo aliyaacha, na nguvu yote ya maneno akampa James Earl Jones, mwigizaji mweusi, ambaye kwetu kibandani alipendwa kuliko steringi.

Kwa simulizi yenu basi. Nimesoma sehemu ulizobandika. Msifuate matukio, ni mengi na kila toleo lina adui wake kwa sababu gazeti lilihitaji wiki ijayo inunuliwe. Tafuteni kinachorudi kila toleo bila mwandishi kukusudia. Mimi nimeona kimoja: shujaa wenu kila akimaliza kazi anakataa malipo, na mara mbili kukataa kwake kumemletea mtu mwingine balaa. Anzieni hapo. Mganga wa toleo la mwanzo na yule mke wa mtemi wa mwishoni wanaweza kuwa mtu mmoja. Na ile sura ndefu ya utoto wake ningeikata yote, mwacheni aingie akiwa mtu mzima mwenye kovu, watu wajiulize wenyewe.

Kuhusu vifaa, niliwahi kusaidia kwenye picha moja ya hapa nyumbani yenye mapanga ya mbao yaliyopakwa rangi ya fedha. Rangi ilikuwa nzuri, lakini kiwiko kilisema ukweli: mtu anauzungusha upanga na mkono unarudi haraka mno, hauvutwi na kitu. Milius aliwapa waigizaji mwalimu wa upanga wa Kijapani, Kiyoshi Yamazaki, wakafundishwa muda mrefu kabla ya kamera kuwaka. Hamna fedha hiyo, sawa, lakini fundi wa kuchomelea atawatengenezea vya bati nene visivyo na makali, na steringi wenu ashinde nacho mkononi mwezi mzima, mpaka bega lizoee uzito.

Jina Conan msiliguse hata kwa utani kwenye bango, ni alama ya biashara iliyosajiliwa na ina wenyewe. Ukiwa na mswada wa kwanza nitumie PM, niko tayari kuusoma.