Tembe ya Kukojoa Ilivyonishusha Kwenye Usukani

Jumapili usiku nimekaa naangalia simu nikaona meseji ya dere mmoja wa laini ya Busia, sitamtaja. Anasema: "Mzee, naskia miguu yako ilikuwa inafura kama yangu na sahi uko sawa. Nitumie tu jina la ile tembe ya kukojoa, nipitie chemisti kesho nikienda steji." Na picha ya miguu yake juu. Soksi imechora mstari kwa kifundo kama mtu aliyekuwa amefungwa kamba. Nikacheka kwanza, halafu nikanyamaza, kwa sababu hiyo picha ni miguu yangu kabisa, ya 2020.

Nitakujibu mdogo wangu, lakini jibu ni refu, weka chai.

Wengi mnaosoma hapa ni madere na makanga kama mimi, na najua kitu mnataka ni kile kile nilitaka, gari yako mwenyewe, uache kupeleka hesabu kwa mtu kila jioni. Mimi niliipanga hiyo ndoto vizuri sana. Nilipanga akiba ya sako, nikapanga mkopo, nikapanga mpaka rangi ya gari. Mwili ndio sikuupanga.

2019 kanisani kwetu Kondele walikuja watu wa kupima presha bure baada ya ibada. Nilijipanga kwa foleni kwa sababu mke wangu alinisukuma mgongoni mbele ya wazee, singekataa. Mashine ikasoma 168 kwa 104. Nikamwambia yule dada mashine yako imeharibika. Akahamia mkono mwingine, ikasoma 170. Mimi sikuwa naumwa hata kichwa! Kliniki wakanianzishia amlodipini ya miligramu 5, baadaye wakaona bado iko juu wakapandisha 10. Kusema ukweli ilishuka vizuri. Lakini kama mwezi hivi baada ya kupandishiwa, jioni nikivua viatu naona miguu si yangu. Ukibonyeza na kidole gumba, shimo linabaki pale linakuangalia.

Sasa hapa ndio ningerudi kliniki. Sikurudi. Wakati huo nilikuwa na gari ya mtu, matatu ya watu kumi na nne, ya Kisumu kwenda Nakuru, na ilikuwa korona, tunabeba watu wanane tu, hesabu bado mwenye gari anataka, siku moja kliniki ni siku moja bila unga. Nikaenda chemisti. Kijana akaangalia miguu kutoka ng'ambo ya kaunta, hakupima presha, hakuuliza nameza nini, akanihesabia furosemaidi, ile wengi mnaijua kama Lasix, za 40. Akaniambia hii itatoa maji yote. Nilifurahi sana siku hiyo, wacha niseme ukweli, nilimwona kama daktari kuliko daktari.

Nilimeza ya kwanza saa kumi na moja asubuhi nikiwa steji, gari ikijaza. Kama hujawahi kuimeza, hii dawa haikungoji. Ndani ya saa moja imeanza kazi, na inaendelea kama saa sita hivi. Awasi nikasimamisha. Kabla ya Kericho nikasimamisha tena, kwenye majani chai, mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Huyu dereva ana sukari ama?" Watu wakacheka. Kericho nikakimbia choo kabla hata makanga hajafungua mlango. Mau Summit tena. Kufika Nakuru nilikuwa nimesimama mara tano na abiria wawili walishukia njiani wakapanda gari ingine, na fea wakarudishiwa.

Unajua nilifanya nini? Nilianza kujitungia sheria zangu. Siku ya barabara simezi. Jumapili nameza mbili kufidia. Wiki ingine nikaamua niwe nameza jioni nikitoka kazi, nikawa naamka usiku kila saa moja, asubuhi niko kwa usukani na macho mekundu nikishuka kuelekea Salgaa, na mnajua ile barabara ilivyomeza watu. Halafu nikapata akili kubwa zaidi, nikaacha kunywa maji. Kutoka asubuhi mpaka jioni chai moja tu. Na mgongo ulikuwa unauma wa kukaa, kwa hivyo juu ya hayo yote nilikuwa nameza diklofenaki asubuhi na jioni kama peremende.

Miguu haikupungua. Hiyo ndiyo inaniuma hata leo nikikumbuka. Nilikojoa miezi minne, na viatu bado nilikuwa navaa bila kufunga kamba.

Kilichokuja ni kingine. Usiku misuli ya nyuma ya mguu inakaza kama jiwe mpaka napiga nduru, mke wangu anaamka kunikanda. Mikono inakosa nguvu. Moyo unaruka, unapiga mbili unasahau moja. Nikafikiria ni uchovu, nikafikiria pia ni watu, mnajua mambo ya steji. Februari 2021 tuko Kericho, nimeshuka kununua mahindi choma, nikainuka kutoka kwa ile benchi na sikumbuki kingine. Makanga anasema nilianguka na mahindi mkononi, sikuiachilia.

Hospitali walitoa damu. Potasiamu, ile madini ya damu inayosaidia moyo na misuli kufanya kazi, ilikuwa 2.7. Kawaida inatakiwa kuanzia 3.5 mpaka kama 5. Daktari, msichana mdogo ambaye angekuwa binti yangu, aliniambia ikishuka hivyo moyo unaweza kusimama tu, bila hodi. Figo nazo zilikuwa zimeanza kulalamika. Wakaniwekea dripu yenye potasiamu, inaingia polepole, wakisema ukiiharakisha nayo inaua. Nililala siku nne.

Siku ya pili alikuja na kiti akakaa, akaniambia nimtolee dawa zote nilizonazo. Nikatoa mfukoni kwa jaketi. Akazipanga kwa shuka. Akauliza, "Baba, ni nani alikuambia umeze hizi pamoja?" Nikakosa jibu.

Nitawaelezea vile alinielezea, kwa sababu hapo ndipo watu wanakosea na mimi nilikuwa wa kwanza. Amlodipini inashusha presha kwa kulegeza mishipa midogo inayoleta damu. Lakini ile ya kurudisha damu hailegei kwa kiwango hicho. Kwa hivyo miguuni damu inaingia kwa wingi, kutoka ni kwa shida, na maji yanapenya nje yanakaa kwa nyama. Alisema ni kama umefungua mfereji wa juu wote na bomba la chini umeliacha vile lilikuwa. Si kwamba mwili umejaa maji, ni maji yamehama tu yakakaa mahali pabaya. Sasa ukimeza tembe ya kukojoa, inatoa maji ya damu, ya mwili mzima, pamoja na chumvi na potasiamu, na yale ya miguuni yanabaki yamekaa palepale. Dozi ya 10 ndiyo hufanya hivi zaidi kuliko 5, na kukaa kwa usukani siku nzima kunaongeza. Na diklofenaki, pamoja na ndugu zake wa maumivu kina Brufen, zinafanya mwili ushike chumvi na maji, zinapandisha presha, zinapigana na hiyo tembe ya mkojo na zinabana figo. Yaani nilikuwa nafungua na kufunga mfereji kwa mikono miwili.

Nilitibu dawa na dawa. Hakuna ugonjwa mpya ulikuwa pale.

Wakati huo nimelala, mwenye gari hakunipigia simu. Alimtumia makanga meseji kwamba gari ichukuliwe na mtu mwingine, dere mgonjwa ni hasara. Miaka mitatu nimempelekea hesabu bila kupunguza shilingi. Nimesamehe, nimesema kanisani nimesamehe. Lakini mwezi mmoja baadaye, Machi, serikali ikafunga Nakuru pamoja na Nairobi na zile kaunti zingine, hakuna kuingia hakuna kutoka, na ile gari ikakaa chini ya mti na dere wake mpya mzima wa afya. Siku hiyo nilikunywa chai yangu taratibu sana.

Tukirudi kwa dawa. Daktari hakunikataza tembe ya mkojo, na hili mnisikie vizuri kwa sababu kuna watu watasoma hii waende kutupa dawa zao. Alirudisha amlodipini 5, akaongeza losatani, dawa ingine ya presha, ambayo alisema inafungua lile bomba la chini kidogo, na potasiamu ilipokuwa imekaa sawa akaniwekea tembe ya mkojo ya aina nyingine, haidroklorothiazaidi, kwa karatasi imeandikwa HCTZ, miligramu 12.5 tu, asubuhi. Hiyo ndiyo ya presha. Furosemaidi ni dawa ya maana sana kwa mtu ambaye moyo umeshindwa kusukuma ama figo ama ini limechoka, huyo ukimnyima unamuua, lakini si ya kwanza kwa presha ya kawaida kama yangu. Aliniambia pia kuna utafiti ulifanywa nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa ndani, ukatoka 2019, na amlodipini ikipangwa na hii HCTZ ilikuwa kati ya zilizofanya vizuri kwa watu wetu. Kwa hivyo tembe ya mkojo si adui. Adui nilikuwa mimi na yule kijana wa kaunta.

Kitu kingine, HCTZ wiki za kwanza utaona unaenda choo zaidi, halafu inatulia. Watu wanafikiria dawa imekufa wanaongeza. Usiongeze. Presha inaendelea kushuka hata mkojo ukiwa wa kawaida. Mimi nameza saa kumi alfajiri nikiamka, nikifika steji nimeshaenda mara mbili nyumbani, na maji nakunywa. Baada ya wiki mbili nilirudi kupimwa potasiamu na figo, na sasa napima kila miezi michache, hiyo usiruke hata kama unajisikia simba. Na kama una gauti, ule ugonjwa wa viungo kufura na kuuma, mwambie daktari mapema, hizi tembe zinaweza kuiamsha, kuna rafiki yangu wa Ahero kidole gumba kilimfura hawezi kukanyaga kilachi.

Chumvi nayo. Mimi nilikuwa nasema sipendi chumvi, na kweli mezani sikuwa naongeza. Daktari akaniuliza nakula nini barabarani. Mayai boilo na kachumbari, smokie, mahindi na ndimu ya chumvi. Akauliza nyumbani. Mama yangu ni wa Vihiga, mrenda na kunde bila magadi kwake ni kuwatusi wageni. Hapo akacheka akasema magadi ni sodiamu ile ile iliyoko kwa chumvi. Sodiamu! Miaka hamsini nakula magadi nikijiambia ni mboga ya kienyeji, ni afya. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, hapo ukihesabu na ya smokie. Kumwambia mama apunguze magadi kulikuwa vita kuliko presha yenyewe. Alinuna wiki mbili. Sasa anapika sufuria mbili, yangu anaiita "ya mgonjwa", na anaitaja hivyo mbele ya wageni.

Na nyinyi kina dada mnaomeza furosemaidi mkitaka kupungua kabla ya harusi, nimeskia, msifikirie sijui. Unapoteza maji, mafuta yako palepale, ukinywa glasi tatu uzito umerudi. Hata wanariadha wamekatazwa hizi tembe kwa sababu zinaficha dawa zingine kwenye mkojo, wetu wawili walipatikana na furosemaidi kwenye mashindano ya dunia ya riadha Beijing 2015 na dunia nzima ikatuangalia.

Watu tunapenda sana dawa ya kuonekana ikifanya kazi. Tembe ya kukojoa unaiona, unaisikia, ndio maana tunaiamini kuliko kupimwa. Mguu mmoja tu ukifura ghafla na unauma, hiyo inaweza kuwa damu imeganda, kimbia. Miguu yote ikifura na ukilala chali unakosa pumzi, inaweza kuwa moyo, kimbia. Uso ukifura asubuhi, uliza figo. Zote zinaitwa kufura na hakuna hata moja unaitibu kwa kuangaliwa kutoka ng'ambo ya kaunta, wacheni huu ujinga jamani, mnazika wanaume wa miaka arobaini na tano na mnasema ni kurogwa.

Gari nilinunua 2023. Ya mkono wa pili, rangi si ile nilipanga, lakini jina kwa logibuku ni langu. Mashine ya presha iko kwa dashibodi kwa kitambaa, jana asubuhi ilisoma 128 kwa 80, na makanga wangu nampima kwa lazima kila Jumatatu, analalamika kama mtoto.

Sasa wewe wa Busia. Jina la tembe nimekupa, zote, na hata moja usiende kununua. Nijibu mambo mawili kwanza: presha yako mara ya mwisho ilisoma ngapi, na ni dawa gani uko nayo mfukoni sahi? Piga picha ya makaratasi ya dawa zote, na za maumivu pia, uende nayo kliniki. Kama unaogopa kwenda peke yako, Alhamisi gari yangu iko gereji, niko Kisumu siku nzima, tutaenda wote na nitakaa kwa foleni na wewe.