Msuli wa mzee haurudishwi na kidonge

Swali: Mama ana miaka 74. Hainuki kitini mpaka avutwe mkono. Nimpe vidonge gani vya kuongeza nguvu?

Swali hili tunalijibu kila mara na bado linarudi. Acha vidonge, anza na kiti. Kiwe kigumu, kisicho na magurudumu, kimeegemea ukuta, urefu wake ufike magotini. Mama asogee ukingoni, arudishe nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, ndipo asimame. Wengi hukwama hapo: kifua kinabaki wima, uzito unabaki nyuma, wanarudi kitini kwa kishindo, na watoto wanasema magoti yamekwisha. Akishindwa, weka mto mgumu usioteleza juu ya kiti. Usimvute, ukimvuta, kazi ya mapaja umeifanya wewe, na bega lake unaweza kuliumiza. Kuketi nako kuwe polepole, akihesabu mpaka 3, maana kushuka pia kunajenga msuli. Mara 5, apumzike, mara 5 tena, siku 3 kwa wiki zisizofuatana. Akizoea, ondoa mto.

Protini iwe gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, igawanywe kwenye milo yote. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza. Na kama udhaifu ulianza ghafla, hasa upande mmoja wa mwili, hilo si suala la mazoezi. Mkimbize hospitali, huenda ni kiharusi.

Swali: Mkongojo unashikwa mkono gani?

Ule wa upande wa mguu mzima. Mzee akisimama mikono ikining'inia, mpini uwe usawa wa kifundo cha mkono. Mpira wa chini ukilika, badilisha.

Swali: Baba alibeba mizigo miaka 40, leo goti na mgongo havifai. Mbona mnasema kutumia mwili ni afya?

Kwa sababu kazi ya sulubu si mazoezi. Kwenye mazoezi mwili unaelemewa kwa kipimo, kisha unapumzishwa ujijenge. Mbeba mizigo hachagui uzito wala saa ya kupumzika. Wanaohubiri kwamba kila mzee mlemavu alijitakia kwa uzembe wanakosea, tena wanaumiza. Uchunguzi wa Whitehall, ulioanza Uingereza mwaka 1967 kwa watumishi wa serikali wanaume, ulionyesha kuwa wa daraja la chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya mara 3 ya wale wa daraja la juu. Sigara na shinikizo la damu vilipohesabiwa, sehemu kubwa ya pengo ilibaki palepale. Cheo na kipato vinaingia mwilini.

Kwa baba: aketi, anyooshe goti, ashikilie sekunde 5, mara 10 kila mguu. Maumivu yakiwa makali zaidi kesho yake, apunguze idadi, asiache.

Swali: Mzee wetu ana miaka 80. Kuacha sigara kutamsaidia nini sasa?

Kutamsaidia moyo na mapafu. Aache leo.

Swali: Bibi alianguka, hospitali wamesema hajavunjika. Alale siku ngapi?

Asilazwe hata siku moja isiyo ya lazima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwalaza wazee wenye afya kwa siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Badala ya kumlaza, tafuteni kilichomwangusha. Mpimeni presha akiwa amelala, kisha dakika 1 na dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, pelekeni vipimo kwa daktari pamoja na dawa zake zote, za usingizi zikiwemo. Msizikatishe wenyewe.

Na msianze kumwogesha kwa huruma. Kuoga ni miongoni mwa mambo ya kwanza kumshinda mzee. Mpeni kigoda imara na mahali pa kushika ukutani, ajioshe mwenyewe, hata akichukua nusu saa.