Re: 6:30 inageuka 390 nikitoa YAML kwenda JSON

Salaam shekhe, nimekupata, ratiba ya boti za Mokowe kuja Lamu umeiandika kwa YAML (namna ya kuandika data kwa maandishi), ukiibadilisha kuwa JSON (namna nyingine ya data) ile 6:30 ya asubuhi inatoka 390. Hiyo ni kanuni ya YAML toleo la 1.1, ndiyo PyYAML, ile maktaba ya Python ya kusoma YAML, inafuata, namba zenye nukta pacha inazihesabu kwa sitini sitini, 6 mara 60 jumlisha 30, ila inayoanza na sifuri haiihesabu hivyo, ndo maana 06:30 yako haikuguswa. Kwanza kabisa weka alama za nukuu, "6:30", halafu badilisha tena. Palipo na neno no bila nukuu pia zitie, ama itatoka false, yaani "si kweli". Ila mimi ningeiacha YAML tu, JSON haipokei komenti, na yale maelezo yako ya maji kupwa yatapotea yote, na ni kazi nzuri sana wallahi.