Jibu kwa mwenye vifaa 40 vya gemu la kishabiki: anza na ramani, vifaa vitafuata

Mkuu, nimesoma uzi wako mpaka mwisho pamoja na ile orodha. Kwa wanaoingia sasa hivi: mwenzetu yuko Mbagala, ana laptop ya RAM GB 4, anataka kutengeneza gemu la kishabiki, yaani la shabiki na si la kampuni, la mtindo wa Zelda za Nintendo, zile za kutazamwa kutoka juu, ila mambo yote yatokee pwani yetu. Amebuni vifaa 40 vya shujaa kutumia: manati, upondo, chetezo, pepeo, ungo, kandambili za chuma na vinginevyo. Anauliza atumie injini gani, yaani programu ya kujengea gemu, na aanze na kifaa kipi. Wengi hapo juu wamekimbilia injini. Mimi naanza na swali la pili, maana hapo ndipo magemu mengi ya namna hii yanapofia. Nayatengeneza tangu niko chuo, na nimecheza ya watu wengine mengi kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya mke wangu.

Kifaa peke yake ni picha na sauti tu. Upanga unaopiga radi unafurahisha dakika kumi, halafu unakuwa upanga. Kinachokipa kifaa uhai ni vitu vilivyoko ramanini vinavyokiitikia. Angalia Zelda ya kwanza kabisa, ya 1986. Mshumaa wa buluu unawaka mara moja tu kila skrini. Kifaa cha hovyo ukikisikia. Lakini unaunguza kichaka na kufichua ngazi, unaangaza chumba chenye giza, unamchoma adui, na kwa kuwa unawaka mara moja, lazima ufikirie uwashe wapi. Upinde wa gemu hilohilo kila mshale unakula hela yako, kwa hiyo kila unapofyatua unajiuliza kama adui mwenyewe ana thamani hiyo. Halafu Zelda nyingine, A Link to the Past ya 1991, ikaleta Cane of Somaria, fimbo inayotoa tofali. Tofali unalisukuma, unalikalisha juu ya swichi, na ukibonyeza tena linapasuka na kurusha moto pande nne. Fimbo moja, na chumba kizima kinakuwa na maswali.

Mfano wa upande wa pili ni ile Spinner, kifaa cha kupanda kinachozunguka kama pia, ya Zelda ya 2006, Twilight Princess. Kuipanda ni raha tupu, inateleza kwenye reli za ukutani kama pikipiki. Ila ukitoka kwenye jengo ulikoipata, reli za kuipandia ni za kuokoteza. Imekuwa ufunguo wenye mbwembwe. Orodha yako, samahani mkuu, imejaa Spinner.

Chukua upondo. Umeuandikia maneno mawili tu, "kusogeza mtumbwi", ukaruka kwenda kwenye panga la moto. Aliyekaa ufukweni Kunduchi au Msasani amewaona wavuvi wakipiga upondo maji yakiwa mafupi. Fito inagusa chini, chombo kinakwenda. Ukifika penye kina haigusi kitu, unailaza chomboni na kushika kasia. Tayari hiyo ni sheria ya gemu na hujabuni chochote. Sasa weka na bahari yetu inavyojaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua jinsi maji yanavyokwenda mbali hadi watu wanatembea kuokota chaza kwenye miamba. Mkondo uliokuwa na kina maji yakiwa yamejaa, baada ya saa sita hivi ni maji ya magoti. Umechora ramani moja, umepata mbili.

Kwenye gemu langu mwenyewe nimeyapa maji alama tatu: mafupi, kina na tope. Saa ya ndani ya gemu inapogeuka, zinazobadilika ni alama, michoro ya chini naigusa kidogo tu. Skripti ya upondo, yaani maagizo unayoiandikia kompyuta, haifiki ukurasa. Inaangalia mraba ulio mbele ya shujaa. Kama ni maji mafupi na yuko mtumbwini, inamsukuma. Kama ni tope, fito inanasa na mtumbwi unazunguka hadi abonyeze tena aichomoe. Kama yuko nchi kavu na mbele kuna mtaro mwembamba, anaukita upondo na kuruka. Kama ni mwembe, embe linaanguka. Na kama ni kina, hasogei, ila inasikika sauti ya fito kuzama bila kugusa chini, "chwaa", halafu kimya. Hiyo sauti nimeifanyia kazi kuliko kitu kingine chochote, niliirekodi kwa simu kwenye pipa la maji nyumbani. Mchezaji akiisikia mara mbili hahitaji maandishi ya kumwambia arudi baadaye. Anaangalia maji, anaangalia saa, anakwenda zake kijijini kupiga soga na wazee mpaka maji yapwe.

Ona kwamba kazi kubwa haikuwa upondo. Ilikuwa maji, tope, mtaro na mwembe. Ndiyo maana nasema anza na ramani. Andika kwanza vitu vilivyoko pwani yako: maji, mchanga, moto, moshi, nyuki, kamba, makuti, mbwa, giza, watu wenye macho. Halafu kila kifaa ulichonacho kipitishe kwa kila kimoja uulize kinakifanya nini. Kifaa ambacho hakiitikiwi na angalau vitu vitatu, kifute au kiunganishe na kingine. Orodha yako itabaki na vifaa sita au saba na gemu lako litakuwa kubwa zaidi.

Kuhusu kuunganisha. Link's Awakening ya 1993, Zelda ya ile mashine ndogo ya mkononi ya Game Boy, ilikupa vitufe viwili na ukachagua mwenyewe kifaa gani kikae wapi. Ukiweka bomu kwenye kimoja na upinde kwenye kingine na kuvibonyeza pamoja, mshale unaondoka na bomu. Unyoya wa kurukia ukiupanga na viatu vya kukimbilia unaruka mbali zaidi. Wewe una chetezo na una pepeo, lile la ukindu la kuchochea jiko la mkaa, na umeviweka mbalimbali kama vile havijuani! Chetezo kinatoa moshi wa ubani. Moshi unatuliza nyuki, kila mrina asali anajua hilo, kwa hiyo mzinga ulioziba njia unapitika. Moshi unaonyesha upepo unakotoka, na ukipenda mambo ya jini na pepo, unamfanya jini asiyeonekana aonekane. Lakini moshi wa chetezo unabaki ulipo. Ukiwa na pepeo unaupeleka unakotaka, hata ng'ambo ya mtaro usiovukika. Pepeo peke yake linafufua makaa yaliyofifia, linazima kibatari, linasukuma ngalawa ya mtoto yenye tanga la karatasi. Vifaa viwili, na nakuhakikishia utapata vyumba vya mafumbo zaidi ya kumi bila kujikamua.

Moshi, kwa skripti, usiufanye picha moja kubwa. Ufanye vipande vidogo, kila kimoja kina muda wake wa kuishi na mwelekeo wake. Pepeo libadilishe mwelekeo tu. Laptop yako itavumilia mradi usiache vipande vikarundikana. Weka kikomo, cha zamani kife kipya kinapozaliwa.

Ungo sasa. Najua ndicho kifaa unachokipenda kuliko vyote, umekiwekea nyota. Kuruka angani kunaua ramani, kwa sababu kila ukuta, mto na mtaro uliohangaika kuuchora unakuwa pambo. Sisemi ukitupe, maana hakuna Mmarekani wala Mjapani atakayekubunia hicho. Kipe masharti yanayotoka kwenye simulizi zenyewe: usiku tu, na uanzie juu ya paa. Na hapa pwani anayeruka na ungo haitwi shujaa. Magazeti ya udaku yamekula sana kwa habari za watu waliodondoka na nyungo alfajiri wakiwa uchi. Basi akionekana na mwanakijiji hata mmoja, kesho yake mwenye duka hamuuzii, mama wa maandazi anafunga dirisha, na bibi aliyekuwa akimpa vidokezo anasoma Yaasin kwa sauti. Hapo ungo una bei, na mchezaji mwenyewe ataamua kama safari inastahili.

Manati ni sawa, acha ilivyo. Kandambili za chuma toa. Panga la moto toa. Miwani ya kuona hazina usiiweke kabisa, inamfanya mchezaji aache kutazama.

Jambo ambalo naona hujaligusa ni mchezaji kukwama. Ukiwa na maji yanayojaa na kupwa, mtu atakwenda na upondo hadi kwenye fungu la mchanga, maji yatajaa, na hatakuwa na njia ya kurudi. Kama gemu limejihifadhi lenyewe palepale, umempoteza moja kwa moja, atalifuta. Dawa ni mbili. Maji yasisimame kamwe, yaendelee kugeuka hata shujaa akiwa amekaa, ili kusubiri kuwe suluhisho siku zote. Na kila fungu liwe na kibanda cha wavuvi ambamo anaweza kulala muda upite. Kwa vifaa vyote kanuni ni moja: mahali unapoingilia kwa kifaa fulani, patokeke kwa kifaa hichohicho, au bila kifaa chochote. Chora mishale kwenye karatasi, ramani nzima, kabla ya kuandika mstari mmoja wa skripti.

Injini. Kwa mashine yako na kwa unachokitaka, ni mbili, zote za bure. ZQuest Classic ni mtoto wa Zelda Classic iliyoanza 1999. Imejengwa juu ya gemu la 1986, kwa hiyo mishumaa, upinde na bumarengi vipo tayari, unabadilisha namba na picha na unapata kifaa kipya bila kuandika kitu. Ukitaka zaidi kuna lugha yake ya kuandikia skripti, ZScript, inafanana na lugha ya C. Ubaya wake ni kwamba ukienda mbali na Zelda unaanza kupigana nayo.

Mimi natumia Solarus. Waliianzisha Wafaransa waliotengeneza Mystery of Solarus, gemu la kishabiki la 2002 lililoundwa kwa programu ya RPG Maker, kisha wakalifanya upya kwa injini yao wenyewe mwaka 2011. Skripti zake ni za lugha ya Lua, ambayo ukiikazania jioni chache utaisoma, na unaweza kuunda kitu cha ramanini kisichofanana na chochote walichokiwaza wao. Moshi wangu uko hivyo. Jihadhari na jambo moja litakalokusumbua siku ya kwanza: kifaa kikianza kutumika, injini inamshika shujaa hadi skripti yako iseme kifaa kimemaliza. Usipoiambia, shujaa anaganda na utadhani kompyuta imekufa. Kwenye upondo, agizo hilo liweke mwisho wa kila tawi la skripti, hata lile la kina ambalo halifanyi kitu zaidi ya kutoa sauti.

Umeme ukikatika, na utakatika, ramani ambayo hujaihifadhi imekwenda. Nakili kila jioni kwenye flashi, basi.

Kujaribisha, usiwape watu wa humu kwanza. Sisi tumezoea, tunajua tubonyeze wapi. Mimi nampa mpwa wangu na wenzake, na wakati mwingine napeleka laptop kwenye banda la gemu la jirani yangu Manzese mchana kukiwa hakuna wateja. Usiwaelekeze. Kaa nyuma na daftari. Mpwa alinigeukia akiwa na chetezo mkononi: "Mjomba, mbona huyu mbwa hasikii moshi?" Mbwa wangu alikuwa wa kubweka tu. Sasa anapiga chafya na kukimbia, na nusu ya kijiji imefunguka kwa njia ambayo sikuipanga. Kila "mbona" ya mtoto iandike, hicho ni kitu ambacho ramani inapaswa kuitikia.

La mwisho, la haki. Ukitumia jina la Zelda, sura ya Link, yule shujaa wake, na muziki wao, unacheza kwenye uwanja wa Nintendo. AM2R, gemu la kishabiki la Metroid, gemu jingine la Nintendo, lililochukua miaka mingi kutengenezwa, lilitoka Agosti 2016 na viungo vya kulipakua vikaanza kuondolewa karibu papo hapo kwa madai yao. Hata kutoa bure hakukusaidia. Upande mwingine kuna Ocean's Heart, lilitengenezwa kwa Solarus hiyohiyo, lina dunia yake na wahusika wake, na tangu 2021 linauzwa Steam, duka la magemu mtandaoni, bila shida. Wewe una mtumbwi, chetezo na bibi anayesoma Yaasin. Link anakufanyia nini humo? Mchore mtoto wako wa Mbagala, mpe kikoi, na michoro itakuwa mali yako kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999.

Weka hapa picha ya ramani ya ghuba moja tu ikiwa na alama za maji, tuipitie pamoja. Na namba 31 umeandika "filimbi ya babu" ukaacha wazi. Hiyo inafanya nini? Nina wazo, ila nataka nisikie lako kwanza.